Kuku Walioingia Mapema

Redio ilikuwa imesema kimbunga kinakuja kutoka baharini. Bahari yenyewe iko mbali sana na kwetu Birongo, na sijui mtu wa kijiji chetu aliyewahi kugombana nayo. Lakini mtangazaji aliongeza kwamba hata sisi wa milimani tutapata upepo mkali na mvua kubwa, na mama yangu akanipigia simu huku mjini Kisii ninakofanya kazi, kwa sauti ya mtu ambaye mawimbi yameshamfikia kwenye majani chai.

"Njoo na misumari," alisema. "Ile ya mabati. Na usije na maneno mengi."

Nikaja na vyote viwili.

Ilikuwa Ijumaa. Kwetu sisi Waadventista, Ijumaa ni siku ya maandalizi hata pasipo kimbunga. Chakula cha Sabato kinapikwa, maji yanatekwa, nguo zinapigwa pasi, viatu vinapakwa rangi, na jua likizama kila mtu anaweka chini alichoshika. Kwa hiyo mama aliichukulia habari ya redio kama nyongeza ya kazi tu. Nilimkuta ameshaiegemeza migomba kwa miti ili isianguke na mikungu yake, ameshamfungia ndama ndani, na sasa anachambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, huku akimwambia Mungu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba migomba hiyo anaijua, asijifanye ameisahau.

Baba alikuwa uani kwenye kigoda, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Mguu huo uliharibikia kwenye paa lile lile nililotumwa kulitengeneza. Nikiwa mdogo, alipanda kugongelea bati upepo ukiwa umeshaanza, akashuka bila kutumia ngazi. Hivyo ndivyo anavyosimulia yeye, akicheka. Mama hutafuta kazi ya nje kila hadithi hiyo inapoanza.

"Anzia upande wa chumba chetu," Baba aliniamuru. "Huko ndiko kubovu."

Nilianzia sebuleni, kwa sababu ngazi ilikuwa tayari upande huo na kwa sababu mimi ni mbishi.

Kazi ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Misumari ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu, mingine niliing'oa kwa vidole. Nilipofika katikati ya paa, mawingu kutoka upande wa Nyamira yalikuwa yametanda mpaka juu yetu, meusi kama tako la sufuria, na migomba ilikuwa imeanza kujipiga kofi. Nilibakiwa na upande wa chumba cha wazazi wangu. Nilijua nisipoumaliza, wazee wangu watalala na mvua kitandani.

Hapo ndipo mama alipotokea chini ya ngazi.

"Kuku wameingia," alisema.

Nilimwelewa mara moja, na nikachemka mara moja. Tangu utotoni, siku za mawingu sisi hatukungoja kuliona jua. Kuku wakiingia bandani, mama alikuwa anaita watu ndani, anaanzisha wimbo, na kazi yoyote iliyobaki ilikuwa ya Jumapili.

"Mama, Sabato bado. Simu yangu inasema jua halijazama."

"Simu yako imeliona?"

Niligeuka kulitazama niweze kumwonyesha. Hakukuwa na jua wala dalili ya jua.

"Nipe muda kidogo tu. Mungu huyo huyo ndiye aliyetupa akili, nyundo na misumari."

"Amina. Shuka navyo."

Nilipiga msumari mmoja zaidi kwa nguvu, ili asikie nilivyokasirika, kisha nikashuka. Aliichukua nyundo mkononi mwangu kama ananinyang'anya kisu. Halafu akafanya jambo lililoniudhi zaidi: aliingia chumbani, akaburura godoro hadi sebuleni, akarudi kupanga mabeseni sakafuni, moja hapa, jingine pale.

"Kwa hiyo imani yako inahitaji mabeseni?" nilimuuliza.

"Shika hilo la bluu," alijibu.

Upepo ulipofika kweli, kitu cha kwanza kuanguka kilikuwa ngazi. Tulikaa sebuleni, watatu, chini ya mabati niliyoyagongelea. Mama aliomba sala ndefu, akianza na watu wa pwani, akaja kwa majirani, akamalizia kwa ng'ombe na paa. Kutoka chumbani tukasikia bati likilia, likipiga, kisha likaondoka.

"Hilo ni la juu ya dirisha," Baba alisema, bado amefumba macho. Punde kukasikika kishindo kingine. "Na mwenzake."

Nilimtazama mama kwa hasira. Alikuwa anaomba kwa utulivu wa mtu aliyepata alichokitaka, na nilishindwa kuelewa ni kipi.

Mvua ilikata ghafla kama ilivyoanza. Tulipotoka nje, mabati mawili yalikuwa yamelala kwenye shamba la chai la jirani. Mawingu yakapasuka upande wa machweo, na jua likachomoza hapo, zima kabisa, bado liko juu ya kilima. Kuku wakatoka bandani mmoja mmoja na kuanza kuchakura matope.

"Mama," nilisema, na sikujali kuificha furaha yangu, "kuku wako wametudanganya. Sabato haijaingia hata sasa."

"Mimi nilisema kuku wameingia. Habari ya Sabato uliitaja wewe."

Baba alipata kikohozi cha ghafla.

"Ulijua?"

"Nimefuga kuku kabla hujazaliwa. Mawingu yakiwa hivyo, wanaingia hata saa nane mchana." Alifuta mikono kwenye leso yake. "Ningekwambia shuka, unamwogopesha mama yako, ungeshuka?"

Nisingeshuka. Ananijua.

"Na paa je? Si ulikuwa umeliombea?"

Mama aliutazama mguu wa baba, akaitazama ngazi iliyolala kwenye matope.

"Mabati niliweza kumwachia Mungu," alisema. "Wewe sikuweza."

Maneno yangu mengi yaliniisha hapo. Niliiinua ngazi nikaiegemeza ukutani, kisha nikaingia ndani kumsaidia kumwaga mabeseni kabla jua halijazama.