Dakika Kumi za Taa ya Barabarani

Taa yangu ya kwanza ilikuwa kichwa kirefu cha taa ya barabarani, nilichokipata kwa muuza vyuma chakavu wa Hounslow, hapa London, baada ya mitaa yetu kuwekwa taa nyeupe. Nilikipiga msasa kutu ikatoka, nikaosha kifuniko chake kwa sabuni ya vyombo, nikabadilisha nyaya. Ikabaki globu. Hizo za sodiamu hazitengenezwi tena, nami nilikuwa nayo moja tu.

Ijumaa nikaiwasha. Ikatoa wekundu hafifu, kama kaa linalozimika. Nikazima, nikawasha tena, wekundu uleule. Nikaona globu imekufa. Mume wangu alikuwa akilingojea banda la uani nilimoifunga taa, aweke mapipa ya mizigo tunayopeleka Unguja, yaliyojaa ukumbini mwetu. Akasema isipowaka vizuri, Jumapili itoke.

Nikampigia simu mzee wa Kipemba anayekaa Hayes, fundi mstaafu wa taa hizo. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaniuliza niliisubiri muda gani. Nikamwambia, kama wa kusoma Alhamdu.

"Mwanangu, hiyo si taa ya jikoni," akasema. "Ipe dakika kumi, na usiiguse."

Akanifahamisha, nami nakufahamisha wewe, maana ukitaka kujaribu utaweza. Ndani ya globu mna gesi kidogo na sodiamu, ambayo ikiwa baridi huganda. Kwanza huwaka gesi, ndiyo ule wekundu. Joto lake huiyeyusha sodiamu polepole, na hapo rangi hugeuka. Mimi kila nilipozima, niliikatiza kazi.

Jumapili saa kumi na moja, kiza cha Disemba kimeshaingia, nikawasha. Wekundu. Mume wangu kasimama mlangoni na pipa lake.

"Taa ya kupambia harusi hii, bibie. Itoe."

Nikamwomba dakika kumi. Ya tatu, hakuna kitu. Ya tano, ncha moja ikapiga umanjano. Umanjano ukatambaa, ukaula wekundu wote, mpaka banda zima likawa rangi ya chungwa, ileile ya mitaa tuliyoikuta tulipohamia London. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Mume wangu aliitazama fulana yake nyekundu, imekuwa rangi ya matope chini ya mwanga ule. Akacheka mpaka akaliegemea pipa.

"Basi tutakula na mapipa," akasema, akaanza kulisukuma kurudi ukumbini.