Mlango wa Karakana

Fundi seremala hajui kunong'ona. Kila Jumamosi wanaume wa mtaa humsaidia kutengeneza madawati ya shule. Huwapa wawili wawili msumeno mmoja mrefu ili watazamane, kisha husema, kwa sauti ileile ya kuomba misumari, "Wiki hii nimelia. Mawazo yamenielemea. Mwingine nani?" Jumamosi iliyopita vijana wa kijiweni nje walicheka, na shemeji yake akainuka kufunga mlango. "Shemeji, tutakuwa kichekesho cha mtaa." Fundi alitoa penseli sikioni, akaitazama, akaipachika tena. Akachukua bisibisi, akaung'oa mlango mzima, akaulaza juu ya matofali pale nje. "Benchi hilo," akawaambia wale waliocheka. "Kaeni mcheke vizuri. Mkichoka, msumeno upo."