Kikuba Ndani ya Gazeti

Wasomaji wangu, nawaandikia haya nikijicheka, ingawa aibu haijapoa.

Kila siku, chai ikiisha, mwenzangu wa ofisini Bwana Athumani huacha gazeti mezani, fumbo la maneno likiwa na miraba michache mitupu. Mimi mjane, niliyezoea kunyamaziana na kikombe changu, niliamini ananiachia. Nikaijaza, na pembeni nikamweleza kila dokezo: nusu yake hutoa maana ya jibu, nusu huficha herufi zake. Kesho yake akaacha mingine. Nikaanza kujifukiza udi kabla ya kwenda kazini.

Juzi nikakuta kikuba, kishada kidogo cha maua ya asumini, ndani ya gazeti. Mwanamke wa mtaa wetu wa Kuze haelezwi maana ya kikuba: mwanamume humpa ampendaye. Nilikibana kifuani kwa pini.

Jioni ile mkewe alikuja kumchukua, akanikuta na kalamu juu ya gazeti.

"Kumbe ni wewe, dada, unayenimalizia fumbo langu!" alisema akicheka. "Bwana huyu huniachia mimi miraba ile, kisha jioni hunikunjia gazeti aniletee nyumbani bila hata kulitazama." Akamgeukia mumewe. "Na kikuba ulichoniahidi, baba, ki wapi?"

Nilikuwa nimeshakifunika kwa mkono, lakini asumini ilinukia chumba kizima.