Choo cha Baba Mkwe

Kipindupindu kilipotukaribia, sisi wanaume wa kamati ya afya ya Pajulu tulihakikisha kila boma limechimba choo. Nilijivuna mno. Kisha tukawaita watu wote kusafisha chemchemi, na kwenye majani ya mtelemko, juu kidogo ya chemchemi hiyo, tukakuta mavi mabichi. Nilifoka: nani huyu anataka kutuua?

Mke wangu aliacha kufyeka, akanitazama usoni. "Ni sisi, wake zenu. Choo iko moja. Baba yako anaingia, na mimi naingia pale pale? Heshima iko wapi? Nyinyi mlituuliza?"

Wanawake wenzake walitikisa vichwa kukubali. Nikakumbuka chai niliyokunywa asubuhi, ya maji ya chemchemi ile ile.