Mashindano ya Takataka Ufukweni Nkome

Mama Maige hakuwa mtu wa kunyamaza. Kila Jumapili wachimba dhahabu walijaa ufukweni Nkome kuogelea Ziwa Victoria, na Jumatatu mchanga haukanyagiki kwa chupa na mifuko ya rambo. Aliokota peke yake, akiwasema watu hadi koo linamkauka. Wao walimwambia, "Pole, mama," wakapita zao.

Mwaka 1996 likamjia wazo. Kwa Wasukuma, shamba likiwashinda wenyewe, huita vikundi vya ngoma, watu wakalima kwa kushindana huku ngoma zikipigwa. Basi akaviita vikundi viwili vya ngoma vilivyo mahasimu, Wagika na Wagalu, akatangaza: watakaokuwa na rundo kubwa la takataka ndio mabingwa.

Loo! Siku hiyo ngoma zililia mpaka ziwa likaitikia. Watu waliinama na kuinuka kwa mapigo, mchanga ukitimka, na Mama Maige katikati anapiga vigelegele, pekupeku, kandambili kazivua ili acheze vizuri.

Saa nne ufukwe ulikuwa mweupe pe. Lakini marundo yakazidi kukua! Kumbe Wagalu walikuwa wanakimbilia majumbani kuzoa majalala, na Wagika wameshafagia gulio zima.

"Hizo ni za ufukweni?" akafoka.

"Mama Maige, ulisema rundo kubwa. Hukusema za wapi!"

Akacheka hadi machozi. Nkome nzima ilikuwa imefagiwa!

Wagika walishinda kwa urefu wa kiganja tu. Na pale kileleni, zilizowapa ubingwa, zilikuwa kandambili zake.