Mvi za Watoto wa Sib

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni asubuhi moja ya baridi nilipoukata mtende ambao haukuwa wangu. Laiti ningeuliza kwanza. Niliambiwa niulize, na wa kuulizwa alikuwa mtu ambaye angenielewa.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, mimi na Mama tu. Baba alikuwa amekwisha kufariki siku nyingi. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza skuli Unguja, na nilipata kazi ya ukarani Matrah, katika duka la vitambaa. Mama alipokelewa na Ami Nasor, kaka yake Baba, katika shamba lake la mitende kule Sib. Leo ukitoka hapa kwetu Mabela ni mwendo mfupi wa gari, na njia nzima ni majumba. Wakati ule ilikuwa mchanga, visima, na mitende mpaka pwani. Wiki nzima nikilala Matrah, na Ijumaa nikibahatika kupata gari nilikuwa nikienda shamba kumwona Mama.

Mama hakuwa akilia. Ningefurahi kama angelia. Alipika, akafua, akaswali, na jioni akakaa mlangoni na kulitazama debe lake. Ndani ya debe hilo la mafuta ilikuwamo nazi moja aliyoitoa uani kwetu, akaja nayo melini imefungwa kwenye kanga, na huku ikaanza kuchipua. Tuliacha nyumba, kaburi la Baba na watu wetu. Yeye alichobeba kutoka kwao ni ile nazi.

Basi ikaja rabii yetu ya kwanza, zile siku ambazo baridi inaaga na joto bado halijapiga hodi, na mitende inatoa makarara. Ami Nasor alikuwa na desturi yake. Siku hiyo aliwaalika watoto wa mashamba yote ya jirani. Alfajiri, kabla hawajafika, alikwisha kukata maua ya mtende dume na kuyaweka kisimani ndani ya kapu. Kila mtoto akipewa kishada kimoja cheupe cha ua lile, akiandamana na wanaume wakweaji kutoka mtende hadi mtende. Mtoto akiinua mkono, mkweaji akikipokea kile kishada na kukipachika ndani ya ua la mtende jike. Tangu hapo mtende ule ukiitwa wa mtoto yule mpaka tende ziive, na ole wake atakayechuma bila idhini yake.

Mimi nilifika adhuhuri, baada ya swala, shughuli ikiwa ukingoni. Nilikuta watoto wamejaa ungaunga wa maua kichwani, weupe kama waliomwagiwa unga wa ngano, na wote wamegeuka wazee. Wanatembea wameinama, wanashika viuno, wanakohoa. Mama amekaa ukingoni mwa kisima. Zuwena, mjukuu wa Ami, mtoto wa miaka saba, alimwendea akijikokota. Kiswahili chake alikipata kwa babu yake, aliyeishi Unguja ujanani, na mwaka ule alikuwa akikinoa kwa Mama.

"Bi Salma, hujambo? Mimi miguu hainipi."

"Sijambo, bibi yangu," Mama akamjibu. "Una umri gani na mvi zote hizo?"

"Mia."

"Na mume yuko wapi?"

"Kafa. Alikuwa mkorofi."

Mama alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Zuwena akaziona nywele zake, akazipangusa kwa kiganja, mara ya kwanza, mara ya pili, akashangaa. "Zako mbona hazitoki?" Mama akazidi kucheka, huku machozi yanamtoka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu tuondoke kwetu.

Tangu siku ile watoto hawakumwacha. Wakitoka chuoni kusoma Kurani walikwenda moja kwa moja kwake. Akiwakaangia visheti, akiwafundisha nyimbo za kwetu, nao wakimsahihisha Kiarabu chake na kumcheka. Ijumaa moja aliniambia, kama mtu anayetaja jambo dogo tu, "Mwanangu, sasa naona tumefika."

Hapo, mwanangu, ndipo ningemshukuru Mungu na kunyamaza.

Kiangazi kikapita, baridi ikarudi, mche wa mnazi ukawa umelizidi debe. Mama akaniambia, "Nitafutie mahali penye maji. Pale kisimani pangefaa, kama si mtende ule. Msimu mzima haukutoa tende hata moja." Kisha akaongeza, "Ungekatwa ule. Lakini mwulize ami yako kwanza, kesho anasafiri. Cha mtu ni cha mtu."

"Haya, Mama. Nitamwuliza."

Sikumwuliza. Ami alikuwa akifunga mizigo kwenda Nizwa kumtazama mkwewe mgonjwa, nami niliona si jambo la kumshughulisha mtu. Mti usiozaa, nani ataulilia? Sisi tulikuwa watu wa minazi na mikarafuu. Mnazi kwetu ni mnazi, kila mmoja unazaa. Skuli nilisoma habari za ua dume na ua jike, tena nilizichora vizuri, lakini haikunipitikia kwamba mtende mzima, mrefu kuliko nyumba, unaweza kuwa dume. Na Mama, ambaye maua yale aliyaona yameshafika kapuni, hakujua yalikatwa wapi.

Ijumaa iliyofuata aliniuliza, "Umemwuliza ami yako?"

"Keshajua, Mama."

Nikachukua shoka. Nilikuwa na haraka ya kumfurahisha. Tangu tuje sikuwa nimempa kitu chochote kizuri, na nilijiona leo nampa kipande cha kwao. Jua lilipokuwa kali mtende ulikuwa chini, na kabla ya magharibi mnazi ulikuwa umesimama mahali pake. Mama aliumwagilia kwa mkono wake mwenyewe.

Ami Nasor alirudi nami nipo. Hakuingia ndani. Alisimama mbele ya kisiki, fimbo mkononi, vumbi la safari bado usoni.

"Nani kamkata fahali wangu?"

Akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Huu ndio mtende dume, kaupanda baba yangu. Mitende yote hii unayoiona inazaa kwa huu."

Hapo ndipo nilipojua nilichokifanya. Na kabla hata sijafikiri, ulimi wangu ukakimbia. "Mama ndiye aliyepataka hapa, Ami. Kwa ajili ya mnazi wake."

Haukuwa uongo. Ndiyo maana ulikuwa mbaya zaidi ya uongo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa. Alinitazama, na nikamwona akielewa kila kitu, kwamba sikumwuliza Ami, na kwamba yeye nilimdanganya. Angesema neno moja tu, ningeumbuka. Aliweka sinia chini, akasema, "Nisamehe, shemeji. Sikujua."

Wahenga wamesema aliye kando haangukiwi na mti. Mimi nilijiweka kando, mti ukamwangukia mama yangu.

Ami hakumgombeza. Alimwambia, "Yameshapita, shemeji," na akaingia ndani kuswali. Lakini maneno ya shamba huyazuii. Visimani wanawake wakasema mgeni kakaribishwa, kakata mti wa mwenyeji. Rabii ilipofika, Ami alikwenda kuomba maua mashamba ya mbali, na mitende ilizaa, usidhani tende zilikosekana. Kilichokosekana ni ile siku. Fahali yule alikuwa akitangulia kuchanua kuliko wote upande ule, ndiyo maana majirani wote walikuja kwake na watoto wao. Sasa kila shamba lilijitafutia lake, siku yake, na watoto hawakukusanyika.

Zuwena alikuja na lile kapu la maua, tupu. Alikaa karibu na Mama, akamwuliza, "Bibi, sisi tulikukosea nini?"

Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka pale. Mama hakunitazama mimi. Alimpangusa mtoto kichwani, kichwa kisicho na ungaunga, na jioni ile akaniambia, "Nitafutie chumba huko Matrah."

Nilimtafutia. Dirisha lilitazama ukuta. Mnazi ulikauka kiangazi kile kile, na habari hiyo nilimficha, kisha nikagundua kwamba alikuwa anaijua. Kila rabii Ami alifunga safari akaja. "Shemeji, watoto wanakuulizia." Na Mama kila mwaka alimjibu, "Nna kazi, shemeji." Kazi gani? Alikuwa akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nami nilikuwa nakaa hapo hapo, nanywa kahawa yangu. Kila mara nikijiambia nitasema kesho, na kesho ikaja na mgeni mwingine, na mvua, na homa, mpaka ikaja bila Mama. Alifariki kabla ya mwaka wa sabini, kabla nchi hii haijafunguka na jamaa zetu wa Unguja kuanza kurejea huku, ambao angewafurahia.

Matanga yalipokwisha nilimfuata Ami nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa najua," akasema. "Salma hakuwa mtu wa kukata mti wa mtu bila kuuliza."

"Mbona hukusema, Ami?"

"Niseme nini? Nimwambie mama kwamba mwanawe mwongo, naye kishaamua kukusitiri? Nilikuwa nakungoja wewe."

Mwanangu, mbele ya nyumba yangu hapa Mabela upo mtende mmoja ambao wageni huniuliza una faida gani, maana hauzai. Huyo ni fahali. Kila rabii nawaita wajukuu na watoto wa jirani, nawagawia maua. Wao wanajitia ungaunga kichwani, wanakohoa, wanasalimiana kizee, bila kufundishwa na mtu. Mimi hukaa kwenye kiti na kutega sikio. Watoto wanacheka vizuri. Kicheko ninachokisikiliza hakimo.

Basi shika haya. Ukifika kwa watu, kabla hujasema kitu hiki hakina kazi, uliza kinafanya kazi gani. Ukiwatamani sana uliowaacha nyuma, tazama usije ukawakata walio mbele yako, kwani wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbacha wetu wakati ule ulikuwa umetandikwa pale kisimani, mimi nikaukanyaga. Na ukikosa, sema wewe mwenyewe, siku ile ile, mbele ya wale wale. Kosa la shoka Ami alilisamehe jioni ile ile. Kosa la kunyamaza halikuwa lake kulisamehe.

Mungu akupe umri, akupe mti wa kuegemea na watoto wa kuzunguka mti huo, na akujaalie mzazi wako acheke ukiwapo. Mimi neno moja nililolizuia lilinigharimu miaka ya mwisho ya mama yangu. Aliishi chumba kimoja nami, akanipikia, akaniombea dua, na sikumsikia akicheka tena.