Dakika Tisa za Inspekta

Nimewahi kushtakiwa kwa kuua. Mahakama ilikuwa sebule ya mama mkwe, Jumapili mchana, na mimi nina keki mdomoni.

Marehemu alikuwa filamu.

Sitanii. Kaa nikusimulie.

Kazi yangu ni kuhamisha kanda za video za zamani kwenda kwenye flashi. Harusi, mahafali, watoto ambao leo wana vipara. Deki zangu ni kuukuu, naishi nazo kwa kuzibembeleza.

Wakati huo nilikuwa na mchumba. Mama yake ni mwalimu mkuu mstaafu, mjane, na mtaa mzima unamwita Inspekta, kwa sababu ya ugonjwa wake mmoja: filamu za mauaji za kizamani, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni tu.

Unazijua hizo. Tajiri anakufa hata hujakaa vizuri. Kila aliyemo nyumbani alikuwa anamchukia. Mlango ukifungwa, ukuta mzima unatikisika. Damu ni rangi ya kucha kabisa. Halafu anaingia mpelelezi mnene na mwavuli asioufungua hata mvua ikimpiga.

Inspekta alikuwa na sheria yake. "Muuaji ni yule anayewakaribisha wenzake chai. Hao wanaofoka wote ni wasafi."

Siku moja nikamuuliza, "Mama, kama muuaji unamjua tangu mwanzo, unaangalia nini sasa?"

Akanitazama kama nimefeli mtihani.

"Mume wangu alitoka asubuhi anakohoa kidogo. Jioni nikaambiwa amefariki. Mpaka leo hakuna aliyeniketisha akanieleza ilikuwaje. Kwenye hizi filamu, ndani ya saa moja na nusu, watu wote wanaketishwa sebuleni na kila kitu kinaelezwa. Mimi nataka hilo tu."

Tangu siku ile nilimpenda yule mama, na kumwogopa nikazidisha.

Basi nilipopeleka posa, akanikabidhi kanda. "Hii ndiyo naipenda kuliko zote. Ihamishe, Jumapili tuiangalie wote. Ikiisha nitakupa jibu lako."

Mchumba wangu alishaniambia wazi: mama akikataa, yeye habishani naye.

Alhamisi, zikiwa zimebaki dakika tisa, deki ikaitafuna ile kanda.

Nilichomoa utepe umejikunja vibaya, na katika kuhangaika na mkasi nikajikata kidole gumba. Mtu mwenye akili timamu angepiga simu palepale. Mimi nikajifanya mjanja.

Kabatini nilikuwa na filamu nyingine ya mpelelezi yuleyule. Na hizi filamu, mwisho ni mmoja tu: sebule ileile, zulia lilelile, hotuba ileile. Nikakata dakika tisa za mwisho, nikaziunga pale palipokatika. Nikajipongeza kabisa kwa soda baridi.

Jumapili tukakaa. Inspekta kwenye kiti chake, mjomba, yaani kaka yake, kwenye kochi, mimi karibu na mlango. Mchumba wangu anazunguka na birika, anamjazia kila mtu chai kwa upole.

Mambo yakaenda vizuri mpaka mpelelezi aliponyoosha mwavuli na kusema, "Muuaji ni wewe, kapteni."

Mwanamume mwenye sharubu akaanza kulia.

Mjomba akaweka kikombe chini. "Huyu kaingia saa ngapi?"

"Labda muda wote alikuwa jikoni," nikasema.

Inspekta akazima televisheni. Akainuka polepole, akaenda nyuma ya mlango, akachukua mwavuli wa marehemu mumewe.

"Asitoke mtu."

Mimi ndiyo kwanza nimetia keki mdomoni.

"Kidole chako kina plasta," akaniambia. "Keki uliyoleta inatosha harusi nzima. Na kwa nusu saa huangalii televisheni, unaniangalia mimi. Sema."

Nikasema yote. Deki, mkasi, kapteni. "Nisamehe Mama, nimekuharibia mwisho."

"Mwisho upi? Kanda hiyo haina mwisho mwaka wa ishirini sasa. Marehemu alirekodi mpira juu yake, nikamnunia wiki tatu. Nilitaka kujua fundi utaniambia haupo, au utaniletea uongo. Umeniletea kapteni."

Mjomba alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mimi nilikuwa nalia kwa ndani.

"Kwa hiyo kuhusu posa," Inspekta akaendelea, "jibu langu ni..."

Birika likagonga sinia.

"Mama, hakuwa baba." Ni mchumba wangu. "Ni mimi. Nilikuwa napangusa vumbi, nikabonyeza kile kitufe chekundu, na mpira ndio ulikuwa unaonyeshwa. Baba akaniambia ninyamaze, yeye kununiwa ameshazoea."

Inspekta alimtazama binti yake. Kisha akalitazama birika.

"Na chai umetukaribisha wewe," akasema.

Akakaa, akafunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona analia kweli. "Wiki tatu sikumpikia. Alikuwa anakula mkate mkavu pale mezani, ananiuliza habari za shule. Na mimi najiita Inspekta."

Mchumba wangu alipiga magoti mbele yake. Walikumbatiana muda mrefu, sisi wengine tukawa tunaikagua keki.

Hatimaye akajifuta macho, akaninyooshea mwavuli. "Wewe, oa. Waongo wawili mtaelewana. Na hebu turudishie pale kwa kapteni."

Tumeoana mwaka wa sita sasa. Kapteni anaonyeshwa kila Jumapili.

Mimi nilichojifunza: ukiharibu cha mtu, mpigie simu siku hiyohiyo, wacha ufundi wa kuunga. Mke wangu ana lake. Anasema kama nyumbani kwenu kuna mtu anayebeba kosa lako kimya kimya, sema ukweli akiwa bado anasikia. Yeye alichelewa, akaungama mbele ya mwavuli wa baba yake.